Wahitimu wa Karibi na sharti la kurudi nyumbani

Msimu wa maombi ya Chevening, ufadhili wa masomo wa serikali ya Uingereza, ukifika, wahitimu wa Karibi ninaowashauri huanza na swali lile lile: ni lazima nirudi? Ndiyo. Serikali ya Uingereza inakulipia ada, nauli na posho kwa shahada ya uzamili ya mwaka mmoja, nawe unarudi kwenu kwa angalau miaka miwili.

Wengi huliona sharti hilo kuwa kifungo. Kwangu mimi, ndilo linaloupa ufadhili huu maana. Utafiti wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) wa mwaka 2006 ulionyesha kuwa zaidi ya asilimia 80 ya wasomi wa vyuo vikuu wa Jamaica na Guyana walikuwa wamehamia nje. Kwa nchi ndogo, huo ni msiba.

Ndiyo maana nakazania insha ya mpango wa kazi, mojawapo ya insha za maombi. Chukua mhandisi wa maji wa Dominica, kisiwa kidogo cha Karibi. Akiandika "nataka kuisaidia nchi yangu", hajasema kitu. Kimbunga Maria kilipokipiga kisiwa hicho Septemba 2017, uharibifu na hasara vilifikia asilimia 226 ya pato la taifa la mwaka uliotangulia. Basi aeleze ni mabomba yapi yaling'oka, nani anayasimamia, na ni ujuzi gani ofisini kwao haupo. Kozi tatu atakazochagua ziendane na maelezo hayo.

Lakini kurudi kunataka pa kurudia. Mwanahistoria Walter Rodney wa Guyana alihitimu chuo kikuu cha Mona, Jamaica, mwaka 1963, akapata ufadhili wa kwenda London, na mwaka 1966 akawa na uzamivu akiwa na miaka 24. Dar es Salaam ilimpokea, akafundisha Mlimani, kwenye chuo kikuu cha jiji hilo. Aliporejea Guyana mwaka 1974, serikali ilizuia asipewe kazi ya kufundisha chuo kikuu. Bado linaniuma.

Kwa hiyo, kabla ya kukata tiketi, zungumza na mwajiri wako. Omba ruhusa ya masomo kwa maandishi, barua itaje cheo utakachorudia na tarehe ya kuripoti, kisha mwachie nakala mtu unayemwamini pale kazini. Mabosi hubadilika ndani ya mwaka mmoja.