BMI, namba za mraba na witiri: maswali na majibu

Nimepimwa nikaambiwa BMI yangu, yaani kipimo cha uzito kulingana na urefu, ni 27. Namba hiyo imetoka wapi?

Uzito wako kwa kilo umegawanywa kwa urefu wako kwa mita, baada ya urefu huo kuzidishwa kwa wenyewe. Mwenye mita 1.6 na kilo 69: 1.6 × 1.6 ni 2.56, na 69 ukigawanya kwa 2.56 unapata karibu 27. Wengi husahau kuzidisha. Wanagawanya kwa 1.6, wanapata 43, presha inapanda bure.

Kwa nini urefu uzidishwe kwa wenyewe?

Katika karne ya 19 Mbelgiji Adolphe Quetelet aliona kwamba kwa watu wazima uzito huongezeka takriban kwa kufuata mraba wa urefu. Jina la BMI lilienea baadaye, kutokana na makala ya mtafiti Mmarekani Ancel Keys na wenzake ya mwaka 1972.

Nitajuaje mpaka wangu bila kikokotoo?

Shirika la Afya Duniani huhesabu BMI ya 18.5 hadi chini ya 25 kuwa ya kawaida kwa mtu mzima. Kuanzia 25 uzito umezidi, kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Sasa, 25 ni 5 × 5, na hapo pana njia ya mkato: zidisha urefu wako kwa 5, kisha jibu lizidishe kwa lenyewe. Mita 1.6 inakupa 8, na 8 × 8 ni kilo 64. Ukifika hapo BMI yako ni 25 kamili. Vua viatu lakini: soli ya sentimita 2 inausogeza mpaka huo hadi kilo 65.6.

Mwenzangu ana mita 1.8. Iweje mpaka wake uwe kilo 81, yaani 17 zaidi?

Mita 1.8 mara 5 ni 9, na ile 1.6 ilitupa 8. Panga kokoto 64, safu 8 zenye kokoto 8 kila moja. Ili upate mraba wa 9 kwa 9, ongeza kokoto 8 kuliani na 8 juu. Kona inabaki wazi, weka moja. Umeongeza 17. Pande mbili zikilingana jumla yake ni shufwa siku zote, na ile ya kona ndiyo inayoigeuza kuwa witiri. Ndiyo maana kutoka mita 1.4 hadi 1.6 mpaka hupanda kilo 15, kisha 17 hadi mita 1.8, kisha 19 hadi mita 2. Hata 25 yenyewe ni 1 + 3 + 5 + 7 + 9, ingawa hilo halina tiba yoyote ndani yake, ni raha ya hesabu tu.

Nikivuka mpaka kwa kilo moja, nimeshaugua?

Hapana. BMI haitofautishi misuli na mafuta, kwa hiyo mnyanyua vyuma anaweza kuonekana mnene. Mjamzito hapimwi kwa mipaka hii, na watoto wana chati zao za umri na jinsia. Kinachohusishwa zaidi na kisukari na maradhi ya moyo ni mafuta ya tumboni, kwa hiyo chukua na futi ya fundi cherehani. Kiuno kikifika nusu ya urefu wako au zaidi, zungumza na mhudumu wa afya hata kama BMI iko chini ya 25. Hapo huhitaji mraba wowote.