Kuchagua nchi ya kwenda kupumzika kwa fedha ya familia ya kawaida

Kila ifikapo Oktoba familia huanza kufika ofisini kwetu hapa Mwanza kuulizia safari za likizo ya Desemba, na karibu zote hufika zikiwa zimekwisha kuuchagua mji. Mwaka jana alikuja mwalimu wa sekondari pamoja na mkewe, ambaye ni muuguzi. Walikuwa na watoto wawili, mmoja wa miaka 11 na mwingine wa miaka 16, pamoja na shilingi 3,000,000 walizozitunza kwa miaka miwili. Walitaka kwenda Dubai kwa kuwa walikuwa wameona tangazo la tiketi za bei nafuu, na walikuwa wamekwisha kukata pasipoti zote nne. Nimefanya kazi ya uwakala wa safari kwa miaka 14, na katika miaka hiyo yote nimekuwa nikiwaomba wateja wangu jambo moja: kabla ya kuuliza nauli, waulize siku moja ya familia nzima katika nchi hiyo itagharimu kiasi gani, na pasipoti ya Tanzania inawapunguzia nini wakiwa kule.

Hesabu yangu huanza na fedha yote iliyopo. Kwanza naondoa asilimia 15, ambayo haiguswi mpaka pawe na ugonjwa, basi kuharibika njiani au mzigo kupotea. Kisha naondoa gharama za kufika, kuzunguka na kurudi, nikijumlisha nauli, viza na chanjo. Kinachobaki nakigawa kwa idadi ya siku, na jibu ndilo kipimo cha malazi, chakula na viingilio vya familia hiyo kwa siku moja. Kwa fedha ya mwalimu, asilimia 15 ilikuwa shilingi 450,000, zikabaki 2,550,000. Kiasi hicho kisingetosha hata tiketi nne za ndege za kwenda Dubai na kurudi, achilia mbali viza, ambayo Mtanzania hulazimika kuilipia, na ada ya utalii ambayo hoteli za kule hutoza kwa kila chumba kwa kila usiku.

Sisemi hivyo kwa kuidharau Dubai. Mtu akishafika anaweza kuishi kwa kubana matumizi kuliko wengi wanavyodhani: treni za metro hutoza kati ya dirham 3 na 7.5 kwa safari kwa wenye kadi ya kawaida, na mashua za abra huvusha watu mkono wa bahari wa mji wa kale kwa dirham 1 tu. Hata hivyo, dirham imefungwa kwenye dola ya Marekani kwa kiwango kile kile cha dirham 3.6725 kwa dola moja tangu mwaka 1997, kwa hiyo shilingi yetu inaposhuka mbele ya dola, kila chakula cha mchana cha Dubai hupanda bei siku hiyo hiyo. Mwaka 2024 dola moja ilipopita shilingi 2,700, niliona wateja waliokuwa wamefunga hesabu zao miezi sita kabla wakilazimika kupunguza siku za kukaa. Yapo pia matangazo ya Julai na Agosti yenye bei za hoteli za kuvutia sana, lakini bei hizo hushuka kwa sababu joto hupita nyuzi 40, na mtoto wa miaka 11 atashinda ndani ya maduka makubwa, mahali ambapo fedha hutoka kwa kasi kuliko popote.

Sehemu ya kazi hii ninayoipenda zaidi, na ambayo wateja wengi hawajawahi kuambiwa, ni thamani ya pasipoti yetu. Tanzania ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na pia wa SADC, yaani jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na nchi zilizo katika jumuiya zote mbili kwa pamoja ni chache mno. Kwa pasipoti hiyo Mtanzania huingia Kenya, Uganda, Rwanda, Malawi, Zambia, Zimbabwe na Afrika Kusini kwa matembezi bila kulipia viza. Kwa familia ya watu wanne jambo hilo peke yake huokoa fedha ya siku kadhaa za hoteli. Unafuu hauishii mpakani, kwa maana hifadhi nyingi za ukanda huu zina viwango tofauti vya viingilio, na raia wa jumuiya hulipa sehemu ndogo tu ya kile anacholipa mgeni wa kutoka mbali. Mfano ninaoutoa kila mara ni wa sokwe wakubwa wa milimani, yaani gorila, katika hifadhi ya Bwindi, kusini magharibi mwa Uganda. Tangu Julai 2024 kibali cha kuwaona kwa mgeni wa kutoka nje ya Afrika kimekuwa dola 800. Raia wa Afrika Mashariki hulipa shilingi 300,000 za Uganda, kiasi ambacho hakifiki dola 100. Watu husafiri kutoka Ulaya na Amerika, wakiwa wameweka akiba kwa miaka, ili wakae na wanyama hao kwa saa moja, nasi tulio ng'ambo ya pili ya ziwa tunaweza kuwafikia kwa basi.

Kuhusu Bwindi sharti niseme kosa langu. Katika miaka yangu ya mwanzo niliipangia familia moja safari nzima ya kuwaona gorila bila kuuliza umri wa binti yao, aliyekuwa na miaka 13, ilhali kanuni ya hifadhi hairuhusu mtoto chini ya miaka 15 kuwafikia. Tuligundua zikiwa zimebaki siku nne. Baba alikwenda peke yake msituni, mama na binti wakabaki kwenye nyumba ya wageni siku ile ambayo ndiyo iliyokuwa kiini cha safari yao. Tangu hapo, swali la umri wa watoto hutangulia swali la fedha katika fomu yetu, na ndiyo sababu sikumpendekezea mwalimu Bwindi ingawa kwa bei ingewezekana.

Wapo wateja wanaofuata thamani ya fedha za nchi nyingine, wakisema kwamba fedha ya mahali fulani imeporomoka, basi kule vitu ni rahisi. Hoja hiyo ina ukweli, lakini ukweli wake ni wa muda mfupi. Malawi ilishusha thamani ya kwacha kwa asilimia 44 mnamo Novemba 2023, na aliyefika ufukweni mwa ziwa katika wiki zilizofuata akiwa na dola aliishi kwa nafuu kubwa, ila bei za madukani nazo huanza kupanda mara moja, na nchi yenye uhaba wa fedha za kigeni huwa pia na uhaba wa mafuta, kwa hiyo unachookoa kwenye chumba unaweza kukilipa kwenye usafiri. Uturuki imenifundisha somo hilo vizuri zaidi. Lira imeshuka mwaka baada ya mwaka, lakini mfumuko wa bei ulifika asilimia 85 mnamo Oktoba 2022, na baadhi ya maeneo ya kihistoria yanayotembelewa zaidi hayamtozi mgeni kwa lira: tangu Januari 2024 mtalii anayeingia Hagia Sophia, msikiti wa kale wa Istanbul, kutazama hulipa euro 25, wakati wanaoingia kuswali hawalipi. Kwa hiyo nikiletewa habari ya fedha iliyoporomoka huuliza kwanza ni lini iliporomoka, kisha huuliza bei za vyumba na viingilio vya kule zimeandikwa kwa fedha gani.

Majira nayo huamua mengi. Anayetaka kuyaona maporomoko ya Mosi-oa-Tunya (Victoria Falls), yenye upana wa mita 1,708, asidanganywe na vyumba vya bei ya chini mjini Livingstone mnamo Oktoba na Novemba, kwa kuwa wakati huo mto Zambezi umepungua sana na upande wa Zambia sehemu kubwa ya ukuta hubaki mwamba mkavu. Maji huwa mengi zaidi kuanzia Machi hadi Mei, na Aprili huwa mengi kiasi kwamba mvuke hulificha poromoko lenyewe. Juni na Julai ndiyo miezi ninayowapa wateja wangu wa Mbeya, ambao wako karibu na mpaka wa Tunduma kuliko sisi. Kwa upande wa Rwanda nawaeleza wateja kwamba wiki inayoanza tarehe 7 Aprili ni ya maombolezo ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Starehe nyingi husimama, na mgeni anapaswa kuiheshimu wiki hiyo kama mtu aliyeingia kwenye nyumba yenye msiba.

Baada ya mazungumzo marefu ya siku mbili, nilimpendekezea mwalimu na familia yake Rwanda, kwa sababu ambazo sehemu yake ni za jiografia ya kwetu. Njia ya kutoka Mwanza kwenda Geita na hatimaye mpaka wa Rusumo ilikuwa ikikatizwa na kivuko cha Kigongo na Busisi, ambapo msafiri aliweza kusubiri kwa saa nyingi. Tangu Juni 2025 tunavuka kwa daraja la kilomita 3, na safari iliyokuwa ikianza kwa uchovu sasa huanza vizuri. Rusumo kuna kituo cha pamoja cha forodha na uhamiaji kilichozinduliwa Aprili 2016, hivyo taratibu za nchi zote mbili hukamilishwa mahali pamoja. Kiswahili kilifanywa kuwa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, na ingawa si kila muuzaji wa Kigali anakizungumza, anayeweza kuuliza bei kwa lugha yake hatozwi kama asiyeelewa kinachosemwa. Lugha ni sehemu ya bajeti, na mara nyingi husahauliwa.

Tuliikadiria nauli ya kwenda na kurudi, pamoja na usafiri wa ndani ya Rwanda, kuwa shilingi 750,000, wakabaki na 1,800,000 kwa siku sita, yaani shilingi 300,000 kwa siku kwa watu wanne. Kiasi hicho kilitosha vyumba viwili katika nyumba ya wageni iliyo safi, milo mitatu na viingilio. Siku tatu zilikuwa za Kigali, na siku ya kwanza niliwaomba waende kwenye Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari iliyopo Gisozi, mahali walipozikwa watu zaidi ya 250,000, ambapo kuingia hakuna malipo. Mama alikuwa na wasiwasi kuhusu mtoto wa miaka 11, nasi tukakubaliana kwamba abaki bustanini na mmoja wa wazazi wakati mkubwa akizunguka ndani. Siku tatu nyingine zilikuwa za Karongi, kando ya ziwa Kivu. Wengi huniuliza kuhusu Rubavu, iliyo na ufukwe maarufu zaidi, lakini mji huo umepakana na Goma, na kwa hali ilivyokuwa mashariki mwa Kongo tangu Januari 2025 sikutaka kuipeleka familia huko kwa ajili ya tofauti ndogo ya mandhari. Vivyo hivyo niliwaondolea wazo la kurudi kupitia Bujumbura, kwa kuwa Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024.

Nyaraka zinahitaji uangalifu kuliko wateja wanavyodhani, na ndizo huwaingiza watu hasara ya dakika za mwisho. Pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000, hivyo familia ya watu wanne isiyo na hata moja inaweza kuanza na gharama ya shilingi 600,000 kabla ya kununua tiketi. Ushauri wangu ni kuzikata moja moja, mwaka kabla ya safari, mzigo uwe mwepesi. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuvuka mpaka, na kadi yake ya njano itunzwe pamoja na pasipoti, kwani tangu mwaka 2016 cheti hicho hudumu maisha yote. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja abebe barua ya idhini ya mzazi mwingine. Anayeingia Rwanda aache mifuko ya plastiki nyumbani, maana imepigwa marufuku tangu mwaka 2008 na hukaguliwa mpakani, na arudishe saa yake nyuma kwa saa moja ili asikae kituoni bure siku ya kurudi. Shilingi za Tanzania zibadilishwe mapema, kwenye maduka rasmi ya kubadilishia fedha, kwa sababu kadiri unavyoingia ndani ya nchi ya watu ndivyo wanaozihitaji wanavyopungua.

Familia ile ilirejea mwishoni mwa Desemba. Mtoto mdogo aliumwa jino wakiwa Kigali, na matibabu yake yalilipwa kwa ile akiba ya asilimia 15, bila kugusa hata siku moja ya Karongi. Baba alinipigia simu akiwa bado ndani ya basi, wakilivuka daraja la Busisi, akaniuliza kama mkubwa, ambaye tayari ana miaka 16, anaweza kwenda Bwindi mwezi Juni, na kibali chake hulipwa wapi.