Tanuru linaandika 1000, we unaamini?

Kazi yangu ni kutunza matanuru ya umeme ya maabara, haya yanayopanda mpaka nyuzi 1100 au 1200 za Selsiasi, na mengi ninayoshika yako kwenye maabara za kupima dhahabu huku kanda ya ziwa. Watu wakiniona tu wanauliza koili, yaani zile nyaya zinazotoa joto, zitadumu muda gani. Mimi koili siangalii kwanza, nashika themokapo, kile kipima joto cha ndani, manake kontrola, yaani kifaa kinachoongoza joto, haioni moto, inachopokea ni kaumeme kadogo kutoka kwenye ile ncha iliyochomoza ndani ya chemba, kwa themokapo za aina ya K kwenye nyuzi 1000 ni milivolti 41 hivi, basi, hizo 41 ndo zinaamua kila kitu.

Sasa mtu anapakia vyungu haraka haraka, koleo linaigonga ncha, inarudi nyuma inazama kwenye tofali ambako joto halifiki vizuri. Kontrola inaona bado, inazidi kuachia umeme, skrini inaandika 1000 safi kabisa huku chemba ilishapita hapo kitambo. Kwahiyo tanuru likiwa la baridi chungulia na tochi, pima ncha imetokeza kiasi gani, andika, mara nyingine ukipima iwe vilevile. Na hizi za aina ya K zikikaa sana juu ya 1000 usomaji wake unahama taratibu hata kama hajazigusa mtu.

Kuhakiki ni rahisi, na maabara ya dhahabu ina bahati kipimo kipo mezani. Kata kipande kidogo cha waya wa dhahabu safi, weka kwenye kikombe cha udongo karibu kabisa na ncha, seti 1040, acha joto litulie, angalia. Waya ukiwa bado na kona zake panda nyuzi 2 au 3, subiri tena, mpaka ukute umejikunja kuwa kitone kinachong'aa, hapo ni 1064 ya kweli, skrini ikiwa inaandika 1048 ujue unadanganywa nyuzi 16. Wengine wanatumia fedha kwa sababu ni bei rahisi, ila fedha ikiyeyukia kwenye hewa ya kawaida inafyonza oksijeni na inayeyuka chini ya ile 961.8 ya vitabuni, utasahihisha kontrola iliyokuwa sawa.

Adui mwingine ni risasi, namaanisha ile metali (lead) inayotumika kwenye kupima dhahabu. Oksaidi yake inayeyuka kwenye 888 tu, na ikimwagika inakula tofali kama chumvi inavyokula bati la pwani, moshi wake nao unapanda mpaka kwenye koili. Weka kigae cha kutupa sakafuni mwa chemba, kikilowa badilisha, usihangaike kukikwangua kikiwa cha moto. Bomba la moshi lisizibe, hilo sina la kuongeza.

Usafi wa ndani naona watu wanapuliza na kompresa, jamani acheni. Lile vumbi lina risasi, na kama tanuru lina zile pamba nyeupe za kuzuia joto, zikishapikwa muda mrefu juu ya 1000 zinatengeneza kristobaliti, aina ya silika, ambayo vumbi lake linasababisha saratani ya mapafu. Tumia mashine ya kufyonza yenye chujio la vumbi laini, barakoa ya kazi sio ya kitambaa, na zima breka kuu kabla hujaingiza mkono, kuzima kontrola peke yake hakutoshi.

Koili za waya zikishawaka hata mara moja zinakuwa kavu, ukizikunja za baridi zinakatika, ziache zilivyo. Mpya zichome kwanza tanuru likiwa tupu, 1050 kwa masaa kadhaa, zijenge ngozi ya alumina inayozilinda. Zile fimbo za silikoni kabaidi ni habari nyingine, ukinzani wake unapanda kadri zinavyozeeka, kwahiyo ukichomeka moja mpya katikati ya wazee mzigo haugawanyiki sawa na kuna ambayo itakufa mapema, badilisha seti nzima hata kama bosi atalalamika bei.

Mwisho fungua kifuniko cha nyuma uangalie maungio ya waya. Likibadilika rangi kuwa bluu au kahawia ujue limelegea na linachemka lenyewe, safisha, kaza, afu baada ya kuwasha na kupoa mara ya kwanza rudi ukaze tena, manake chuma kikipanuka na kusinyaa nati inalegea.