Mashine ya Nyasi ya Kusukuma kwa Mkono: Maneno ya Watu na Ukweli Wake

Mashine yangu nimeirithi kwa baba: magurudumu mawili ya chuma, mpini wa mbao, na ngoma ya visu vitano vilivyojipinda kama uzi wa parafujo. Kila anayepita getini akanikuta naisukuma ana neno. Mengi ya maneno hayo yana mzizi mmoja, watu wanaidhania ni fyekeo lenye magurudumu. Ile ni mkasi.

"Imepitwa na wakati, ya injini inakata vizuri zaidi."

Ya zamani ni kweli. Mwingereza Edwin Beard Budding wa Stroud aliipatia hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, mwaka 1830, wazo akilitoa kwenye mashine ya kiwandani iliyokuwa ikipunguza manyoya ya vitambaa vya sufu. Lakini nenda uwanja wowote wa gofu uangalie pale penye shimo, nyasi zilipokatwa zikabaki milimita chache tu. Kazi ile mpaka leo inafanywa na ngoma ya visu kama yangu, ila imetiwa injini. Mashine ya kawaida ya injini, yenye upanga mmoja unaozunguka, hulichapa jani kwa kasi, ncha ya upanga ikikaribia kilomita 300 kwa saa. Upanga ukiwa butu kidogo unachana, na siku ya pili ncha za nyasi zimegeuka kahawia. Ya mkono hulibana jani kati ya kisu kinachozunguka na kisu cha chini kisichotembea, likakatika safi.

"Haikati? Kaza visu."

Hapa ndipo mashine nyingi zinapofia. Mtu akiona nyasi zinalala bila kukatika, anashika spana na kukaza mpaka ngoma inalia kwa kusuguana. Mashine inakuwa nzito kama mkokoteni wa mchanga, visu vinalika, na nyasi bado zimesimama.

Visu vinatakiwa kugusana na kisu cha chini kwa mbali sana, kama vinapigana busu la salamu. Kipimo chake ni kipande cha gazeti. Kiingize kati ya kisu cha ngoma na kile cha chini, zungusha ngoma polepole, kisha usikilize: kikikatika kwa mlio mkavu wa mkasi, acha hapohapo. Kikikunjika na kupita, zungusha skrubu ya kurekebishia kidogo tu, chini ya robo ya mzunguko, upande mmoja kisha wa pili, upime tena kulia, katikati na kushoto, kwa kila kisu. Inachosha. Mimi huifanya jioni nikiwa na chai pembeni.

"Peleka kwa fundi wa grainda aipige makali."

Tafadhali usithubutu. Niliwahi kuipeleka, ikarudi inameta, na kila kisu kina mabonde yake. Visu vya ngoma lazima vyote viwe na kimo kimoja toka mwanzo hadi mwisho, na mkono wa mtu mwenye grainda hauwezi hilo.

Visu visivyoharibika sana hunolewa kwa kuzungushwa kinyume, vikiwa vimepakwa ile dawa ya kusagia valvu inayouzwa maduka ya vipuri vya magari. Namna ya kuvizungusha kinyume niliijua kwa kukosea. Nilifungua magurudumu kupaka grisi, nikachanganya vigia vya ndani, cha kulia nikakiweka kushoto. Nikisukuma, kimya, nikivuta nyuma, visu vinazunguka upande usio wao. Nililaani nusu saa nzima kabla ya kugundua kwamba ndiyo hali hasa inayotakiwa wakati wa kunoa. Ukimaliza, osha dawa yote, kwa kuwa ikibaki itaendelea kusaga, kisha rudisha vigia mahali pake.

"Inakata nyasi yoyote."

Hapana. Ukoka uliokatwa kila wiki ndio chakula chake. Nyasi za masika zilizofika magotini huzilaza tu chini, na kijiti kinene kama penseli kinaisimamisha kabisa. Anza kwa fyekeo, okota mawe, ndipo uilete.

"Imeshika kutu, ni chuma chakavu."

Kutu ya juu huondoka kwa mafuta ya taa na brashi ya waya. Ukiwa unanunua ya mtumba, kagua vitu vingine: ufa kwenye vyuma vya pembeni, ambavyo ni vya kumiminwa na kuviunga ni taabu, meno ya gia yaliyolika, na kisu cha chini kilichobaki chembamba kama wembe.

"Haina injini, hata mtoto anaweza kuichezea."

Visu vyote vitano viko kwenye mhimili mmoja. Ukisukuma kimoja kwa kidole, kingine kinakuja nyuma yake, na kidole kiko katikati. Ngoma ikikwama, naichokoa kwa kijiti. Siku za kawaida hukaa stoo, nimeitundika ukutani juu zaidi ya mkono wa mwanangu unapofika.