Supacharja kwenye pikapu: dhana potofu na ukweli

Watu wakizungumzia supacharja (pampu inayoendeshwa na mkanda wa injini na kusukuma hewa ya ziada ndani ya silinda) huuliza mambo mawili: inaongeza farasi wangapi, na mlio wake ukoje. Uhai wa injini uko kwingine. Uko kwenye nozeli zinazonyunyiza petroli, joto la hewa inayoingia, petroli iliyomo tangini na programu ya kontroli boksi (kompyuta ya injini). Dhana nyingi zilizomo hapa chini huzaliwa pale mtu anaporuka kimojawapo. Tunazungumzia pikapu za ukubwa wa kati za petroli, zenye V6 ya lita 3.3 hadi 4.0, na supacharja ya rota inayokaa juu ya injini mahali pa manifoldi ya hewa.

"Supacharja huua injini"

Viwanda vyenyewe vimewahi kuuza pikapu hizi zikiwa nayo. Nissan iliiweka kwenye Frontier ya modeli ya 2001 yenye V6 ya lita 3.3, na nguvu ikapanda kutoka farasi 170 hadi 210. Toyota ya Australia iliuza TRD Hilux mwaka 2008: lita 4.0, kilowati 225, torki ya Nm 453.

Kinachoua injini ni kugonga. Mchanganyiko wa hewa na petroli ukilipuka wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia, shinikizo ndani ya silinda hupanda ghafla. Injini ya kawaida huvumilia kidogo. Injini inayosukumiwa hewa, ikiwa chini ya mzigo, huvunjika kingo za pistoni zinazoshikilia ringi, au huchoma gasketi ya silinda hedi. Visababishi vikuu ni vitatu: hewa ya moto, petroli haba, na cheche inayowahi mno. Ukividhibiti vyote, psi 6 (psi ni kipimo cha shinikizo, hapa la hewa inayosukumwa na supacharja) si tishio kwa injini nzima.

Neno hilo "nzima" lina uzito. Kabla ya kununua chochote pima kompresheni: injini iwe ya moto, plagi zote nje, throto wazi kabisa. Silinda moja ikiwa chini ya nyingine kwa zaidi ya asilimia 10, pesa ya supacharja ielekezwe kwanza kwenye injini.

"Psi 6 ni kidogo, nozeli za kiwandani zitatosha"

Hapa ndipo injini nyingi hupotelea, kwa hiyo tupige hesabu. Tuseme lengo ni farasi 300. Injini ya petroli yenye supacharja hutumia takriban gramu 270 za petroli kwa kila farasi kwa saa. Hiyo ni kilo 81 kwa saa, au kilo 13.5 kwa kila nozeli ikiwa silinda ni sita. Kwa ujazo ni karibu sentimita za ujazo 305 kwa dakika. Nozeli haifai kubaki wazi zaidi ya asilimia 85 ya muda wake, kwa hiyo unahitaji nozeli ya kama 360. Linganisha na namba ya nozeli ulizo nazo kabla ya kusema zitatosha. Pima pia shinikizo la petroli gari likiwa chini ya mzigo. Pampu iliyochoka huonyesha namba nzuri gari likiwa limesimama, kisha huanguka throto ikifunguliwa yote.

Unapotembea taratibu, kontroli boksi hulenga sehemu 14.7 za hewa kwa moja ya petroli, kwa uzito. Supacharja ikisukuma kwa nguvu zote, uwiano salama ni kati ya 11.5 na 12. Sensa ya oksijeni ya aina ya zamani haiwezi kuupima uwiano huo kwa usahihi. Funga ya masafa mapana pamoja na geji yake.

Halafu kuna vile vijiboksi vinavyoidanganya sensa ya hewa ili petroli iongezeke. Siku za mwanzo gari hukimbia vizuri. Lakini kontroli boksi inaendelea kusoma sensa ya oksijeni, inaona petroli imezidi, inaipunguza, na kuhifadhi marekebisho hayo kwenye kumbukumbu. Baadaye unakanyaga hadi mwisho na marekebisho yaleyale yanatumika pale ambapo petroli ilihitajika zaidi. Hatuvipendekezi. Programu ya kontroli boksi yenyewe ndiyo ibadilishwe: vipimo vya nozeli mpya, kucheleweshwa kwa cheche (kanuni ya kuanzia ni nyuzi moja kwa kila psi, kisha hurekebishwa kwa kusoma data), na sensa ya shinikizo inayosoma juu ya bari moja ikiwa ya kiwandani inaishia hapo.

Plagi ni jambo dogo linalosahaulika. Weka zilizo baridi kwa hatua moja. Kwa NGK na Denso, namba kubwa ni plagi baridi zaidi. Kwa Bosch ni kinyume. Kama nafasi ya kiwandani ni milimita 1.1, ibane hadi 0.8, la sivyo cheche huzimwa na shinikizo na injini hukohoa throto ikiwa wazi.

"Intakula ni ya magari ya mashindano"

Intakula ni kipoozeo cha hewa inayotoka kwenye supacharja. Psi 6 usawa wa bahari ni sawa na kuzidisha shinikizo la hewa mara 1.41. Hewa ikibanwa hupata moto. Ikiingia na nyuzi 25, supacharja ya rota yenye ufanisi wa asilimia 60 huitoa ikiwa na nyuzi 75 hivi. Hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo ongezeko la asilimia 41 la shinikizo hubaki asilimia 20 tu ya hewa halisi. Ipooze hadi nyuzi 45 na ongezeko hupanda hadi kama asilimia 32. Mkanda ni uleule na puli ni ileile, ila hatari ya kugonga imepungua.

Intakula ya maji ina pampu yake ya umeme na rejeta yake ndogo mbele. Kosa la kawaida ni kuacha hewa ndani ya mabomba. Washa swichi bila kuwasha injini, fungua kifuniko cha chupa ya maji: maji yazunguke kwa nguvu bila mapovu. Pampu ikifa hakuna taa inayowaka kwenye mifumo mingi. Dalili ni kwamba gari huvuta vizuri mara ya kwanza, kisha hulegea kila unaporudia, kwa sababu kontroli boksi inarudisha cheche nyuma kujikinga na joto.

"Kiti inataka petroli ya 91, na ninatumia 91"

Kiti ni seti ya supacharja na vifaa vyake, na 91 ni oktani, yaani uwezo wa petroli kustahimili kugonga. Angalia ni 91 ya kipimo gani. Kiti nyingi zimeandikwa kwa hesabu ya Marekani, ambayo ni wastani wa RON na MON, vipimo viwili vya oktani. Hiyo 91 inakaribia RON 95 au 96. Pampu zinazoonyesha RON zikiandika 91, hiyo ni petroli iliyo chini sana ya kiwango kinachotakiwa, na mwenye gari ataamini amefuata maelekezo.

"Puli ndogo ni nguvu ya bure"

Mwendo wa supacharja ni mizunguko ya krenki mara kipenyo cha puli ya krenki, gawanya kwa kipenyo cha puli ya supacharja. Puli ya krenki ya milimita 165 na ya supacharja ya 70, injini ikiwa kwenye mizunguko 6,000, zinaizungusha 14,100. Weka ya 65 na inafika 15,200. Supacharja nyingi za kizazi cha zamani zina kikomo karibu na 14,000, na zikikipita hutoa joto zaidi kuliko hewa. Puli ndogo pia hupunguza eneo la mkanda kushika. Psi zikipanda vizuri kisha kushuka kadiri mizunguko inavyoongezeka, na kuna vumbi jeusi karibu na puli, mkanda unateleza.

"Inakunywa mafuta muda wote"

Hapana. Ukiwa umekanyaga kidogo, vali ya kupitishia hewa hufunguka, na rota huzunguka bila kubana kitu. Matumizi hupanda unapoitumia.

"Milimani haitapoteza nguvu"

Hiyo ni sifa ya tabo, inayozungushwa na moshi wa injini. Supacharja ya mkanda huzidisha hewa iliyopo kwa kiasi kilekile. Kwenye mita 2,000 shinikizo la hewa ni kama kilopaskali 80, dhidi ya 101 baharini; mara 1.41 ni 113. Geji iliyozoea psi 6 itaonyesha chini ya 5. Bado utaizidi pikapu isiyo nayo, ila usidhani mkanda unateleza.

"Sasa itavuta trela zito zaidi"

Kikomo cha mzigo kimewekwa na chesisi, breki, ekseli na upoozaji, na hakuna kati ya hivyo kilichoguswa. Itapanda mlima haraka zaidi na mzigo uleule, basi. Torki ya chini inaongezeka sana, kwa hiyo klachi iliyokaribia kuisha itateleza mapema, na giaboksi ya otomatiki inahitaji kipoozeo kikubwa cha oili yake.

"Gari limekuwa zito baada ya tairi kubwa, dawa ni supacharja"

Mara nyingi dawa ni difu. Kutoka 265/70R16 hadi 285/75R16 kipenyo kinaongezeka kwa asilimia 7, na difu yenye uwiano wa gia wa 3.73 inafanya kazi kama 3.48. Ukiweka 4.10 unapata sawa na 3.82, bora kuliko ilivyotoka kiwandani. Mtu aliyeziacha gia hizo na kufunga supacharja amebandika nguvu juu ya tatizo lililobaki palepale. Kama pikapu ni ya 4x4, difu zote mbili zibadilishwe kwa uwiano mmoja.

"Ikishafungwa vizuri, haiguswi"

Kwanza mabomba ya vakyumu, kwa sababu makosa ya ufungaji hujitokeza hapo. Bomba la kibusta cha breki na la mvuke wa tangi la petroli yawe na vali za njia moja. Bomba la PCV (linalotoa mvuke wa ndani ya krenki) liunganishwe kabla ya rota, upande unaovuta. Likiwekwa baada ya rota, shinikizo huingia kwenye krenki, kijiti cha oili huchomoka na sili huanza kuvuja.

Supacharja nyingi za rota zina oili yake yenyewe ndani ya kasha la gia. Unyevu wa mafuta nyuma ya puli ni sili ya mbele inayokufa. Ukingoja, gia zitakauka. Kelele ya kokoto ikiwa sailensi, inayopotea ukikanyaga kidogo, kwa kawaida ni kiunganishi cha plastiki kati ya puli na rota. Ni sehemu ndogo, hubadilishwa bila kufungua rota, na mafundi wengi wasioijua huishauri supacharja nzima itupwe.