Mkongo ukishafika pwani, kazi bado

Hadi katikati ya 2009, pwani yote kuanzia Mombasa hadi Maputo haikuwa na mkongo wa intaneti, yaani waya mnene wa mawasiliano unaolazwa chini ya bahari. Upande wa magharibi wa Afrika mkongo wa SAT-3 ulikuwa ukihudumu tangu 2002. Huku kwetu tuliishi kwa setilaiti. Setilaiti hizo hukaa kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Ombi lako lipande, lishuke, kisha jibu lirudi kwa njia hiyohiyo: karibu nusu sekunde imekwenda, na ukurasa mmoja huhitaji maombi mengi kabla haujafunguka. Uwezo wenyewe ulikuwa haba na ghali.

Mkongo wa SEACOM uliwasili Julai 2009. Mwaka huohuo TEAMS ukaiunganisha Mombasa na Fujairah, Falme za Kiarabu, na 2010 ukafuata EASSy, wenye urefu wa kilomita zipatazo 10,000 kutoka Afrika Kusini hadi Sudan. Nchi kavu nako kulichimbwa: Tanzania ilijenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, Kenya ikajenga wake, NOFBI. Uganda, Rwanda na Burundi, ambazo hazina bahari, zilifika ufukweni kwa kupita ardhi ya majirani.

Je, uchumi ulisikia? Takwimu inayonukuliwa zaidi ni ya Benki ya Dunia ya 2009: katika nchi zinazoendelea, kila watumiaji wa intaneti ya kasi wanapoongezeka kwa pointi 10 za asilimia (tuseme kutoka 20 hadi 30 katika kila watu 100), ukuaji wa uchumi huongezeka kwa pointi 1.38. Nimeikuta kwenye hotuba na maandiko ya miradi ikitajwa kana kwamba ni dozi ya dawa. Tuisome kwa uangalifu. Nchi inayokua kiuchumi nayo hununua intaneti zaidi, kwa hiyo namba mbili zikipanda pamoja bado hatujajua ipi imemvuta mwenzake.

Ushahidi ninaouamini zaidi ni wa wachumi Jonas Hjort na Jonas Poulsen, uliochapishwa 2019. Hawa waliona kwamba mikongo ya baharini iliwasili kwa nyakati tofauti, na kwamba baadhi ya maeneo tayari yalikuwa na nyaya za nchi kavu za kuipokea huku mengine hayana. Wakalinganisha ajira katika makundi hayo mawili, ndani ya nchi 12 za Afrika. Palipofika kasi, waliokuwa na kazi waliongezeka, na hapakuonekana dalili kubwa kwamba kazi hizo zilinyang'anywa kutoka kwingine. Walionufaika zaidi ni watu wa kazi za ujuzi, lakini hata wenye elimu ndogo waliambulia. Kwa baadhi ya nchi zenye takwimu za kampuni, ilionekana pia kwamba kampuni mpya zilifunguliwa kwa wingi zaidi na mauzo ya nje yakapanda.

Hapa nitenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya mara kwa mara. Pesa za simu hazikusubiri intaneti ya kasi. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, na mpaka leo mwenye kitochi anatuma na kupokea bila bando hata kidogo. Kasi inahitajika pale ambapo picha, sauti na mafaili mazito lazima yasafiri: picha ya eksirei inayotumwa kwa daktari bingwa wa mji mwingine, mhasibu anayefanya hesabu za kampuni ya ng'ambo akiwa Arusha, fundi anayejifunza kwa video kufungua injini asiyoijua. Tukisema "mtandao upo" kwa sababu simu inapiga na pesa inatumwa, tunafunika pengo kubwa.

Pengo hilo lina sura kadhaa. Mojawapo ilikuwa njia yenyewe ya taarifa. Kabla ya vituo vya kubadilishana mawasiliano ya ndani, ambako kampuni za intaneti za nchi moja huunganishwa moja kwa moja, barua pepe ya kutoka Nairobi kwenda Mombasa iliweza kwenda Ulaya au Marekani kwanza ndipo irudi, na gharama ya safari hiyo ya kimataifa tuliilipa sisi. Kituo cha Kenya, KIXP, kilianza mwishoni mwa 2000, kikafungwa kwa mvutano wa leseni, kikafufuliwa 2002. Dar es Salaam ilipata chake 2004. Ni vyumba vidogo vya mitambo ambavyo wananchi wengi hawajawahi kuvisikia, lakini vimeokoa fedha nyingi.

Udhaifu mwingine uko baharini. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM ilikatika kwa pamoja, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Nchi inayotegemea mikongo miwili haina budi kutafuta wa tatu na wa nne, tena inayopita njia tofauti.

Lakini sehemu inayonishughulisha zaidi ni kilomita za mwisho. Kwa makadirio ya 2024 ya ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, asilimia 68 ya watu duniani walikuwa wakitumia intaneti. Afrika ilikuwa asilimia 38. Na wengi wa wasiotumia wanaishi penye mtandao tayari: mnara wanauona, ila simujanja ni ghali, bando linaisha kabla ya wiki, au hakuna aliyewaonyesha pa kuanzia. Kodi nayo huuma upesi. Uganda ilipoanza Julai 2018 kutoza shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia mitandao ya kijamii, watumiaji walipungua, na 2021 kodi hiyo ikaondolewa, ikawekwa kodi ya asilimia 12 juu ya data. Mwenye kipato kidogo ndiye anayetoka wa kwanza bei ikipanda.

Nendeni steshenari yoyote karibu na stendi msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu. Maombi hufanywa mtandaoni, hivyo foleni ni ya vijana waliomaliza kidato cha sita, wengine na wazazi wao, kila mmoja na bahasha ya vyeti. Mwenye duka anaskani, anajaza, anafungua barua pepe ambayo kijana hakuwa nayo, anachagua nywila, anaiandika kwenye daftari lake. Kijana analipa na kuondoka. Kwenye takwimu huyu ameshapata huduma ya kidijitali. Kwa hali halisi akaunti yake iko mikononi mwa mtu mwingine, na ujumbe wa kumtaka arekebishe fomu ukija, hatauona.

Mwenye steshenari simlaumu. Amejaza nafasi iliyoachwa wazi. Shule zenye maabara ya kompyuta zingeweza kufunguliwa jioni katika wiki hizo, na maktaba za mikoa pia, kukiwa na mtu wa kuelekeza. Na wewe unayempeleka mwanao, msikae pembeni mkisubiri. Barua pepe aifungue mwenyewe, kwa namba ya simu ya nyumbani. Nywila aichape yeye, aiandike kwenye daftari lake. Kabla hamjaondoka dukani, mwambieni mwenye duka atoke kwenye akaunti hiyo, kisha kijana aingie tena kwa mkono wake.