Uwajibikaji wa serikali katika afya ya akili na afya ya wanawake: maana yake na unavyofanya kazi

Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, Bunge la Bajeti linapokaa Dodoma, neno uwajibikaji husikika asubuhi hadi jioni. Wabunge wanalitaja, mawaziri wanalijibu, redio zinalirudia. Lakini ukimuuliza mwananchi wa kawaida maana yake, mara nyingi atakusimulia habari ya mganga mfawidhi aliyesimamishwa kazi mbele ya mkutano wa hadhara, watu wakipiga makofi. Hilo ni tukio la siku moja. Kesho yake dawa bado hazipo, na aliyekaimu nafasi ile hajui zilikwama wapi.

Uwajibikaji wa serikali ni utaratibu unaomlazimu mwenye mamlaka juu ya huduma kueleza aliahidi nini, alipewa kiasi gani, alifanya nini, na kisha kubeba matokeo ya majibu yake. Ikikosekana sehemu moja, utaratibu wote hausimami. Ahadi isiyoandikwa haidaiwi. Fedha zisizojulikana kiasi chake haziulizwi. Na maelezo ambayo hayabadilishi chochote kwa aliyeyatoa hubaki kuwa hotuba tu. Msingi wake umo kwenye Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, ibara ya 8, inayosema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote na kwamba Serikali itawajibika kwa wananchi. Kwa hiyo anayehoji kwa nini zahanati haina dawa hamwombi mtu hisani.

Namna nzuri ya kuuona utaratibu huu ukifanya kazi ni kutazama vifo vya uzazi. Mama akifariki kwa sababu za ujauzito au uzazi katika kituo cha kutolea huduma, mwongozo unataka taarifa itolewe ndani ya saa 24 na kifo kijadiliwe ndani ya siku 7: alifika saa ngapi, nani alimpokea, damu ilikuwepo, gari la wagonjwa lilichelewa wapi. Majina ya wahudumu hayaanikwi, kwa sababu lengo la kikao ni kutafuta pengo lililoua ili lizibwe. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Vituo vya afya vingi vilivyoongezewa uwezo wa kufanya upasuaji vimechangia, na mengine mengi pia. Ila mimi naamini kuhesabu kulisaidia sana. Namba ya vifo inaposomwa mbele ya mkuu wa mkoa, kuna mtu lazima asimame aeleze.

Sasa geukia afya ya akili. Dodoma ndiko iliko Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili, iliyoanzishwa mwaka 1927, pamoja na Isanga, kwa ajili ya wagonjwa wanaoletwa kwa amri ya mahakama. Tuna Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008. Kwenye msamaha wa kuchangia gharama za matibabu, magonjwa ya akili yamewekwa pamoja na magonjwa sugu mengine. Kwenye karatasi ahadi ipo. Lakini mgonjwa wa wilaya ya Bahi au Chemba, mkoani humohumo, akikosa dawa, ugonjwa ukamrudia, nduguze wakamfunga kamba mguuni ili asipotee porini, hakuna kikao cha siku 7 kinachoitwa. Vitabu vya MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya, vinamhesabu aliyefika kituoni. Aliyebaki nyumbani haonekani popote, na asiyeonekana hana wa kumjibia.

Chukua mfano wa mama mwenye kijana wa miaka ishirini na kitu anayetumia dawa kila siku. Amefika zahanati asubuhi. Muuguzi anamwamkia, "Shikamoo mama," naye anaitikia, "Marahaba mwanangu, nimefuata vidonge vya mwenzako." Jibu ni kwamba dawa hazijaja, ajaribu wiki ijayo au aende Mirembe. Nauli ya kwenda na kurudi mjini ni sawa na matumizi ya nyumba kwa siku kadhaa, tena anatakiwa asafiri na mgonjwa. Anarudi nyumbani. Nani awajibike hapo?

Wengi watamlaumu muuguzi, na mkutano wa hadhara ungeanza naye. Tuufuate mnyororo wenyewe. Zahanati huagiza dawa kwa fomu, kwa kuzingatia matumizi yaliyoandikwa kwenye leja yake. Kama wagonjwa wa akili waliacha kuja kwa sababu dawa hazikuwepo, leja itaonyesha matumizi madogo, na oda inayofuata itakuwa ndogo pia. Ni mtego mbaya, na hauhitaji mtu mwenye nia mbaya ili unase. Oda inapitia halmashauri, inakwenda Bohari ya Dawa, yaani MSD. MSD isipokuwa nayo, kituo kinaruhusiwa kununua kwa mshitiri, msambazaji binafsi aliyepatikana kwa zabuni ya mkoa. Utaratibu huo unaitwa Jazia. Ulianzia hapahapa mkoani Dodoma mwaka 2014 kabla ya kuenezwa nchi nzima, na ni jambo la kujivunia. Kwa hiyo swali la uwajibikaji linakuwa na sehemu zake: oda iliandikwa? Dawa hiyo ilikuwamo? MSD ilijibu nini? Kama ilisema haina, mshitiri aliulizwa? Fedha zilikuwepo kwenye akaunti ya kituo? Kila jibu lina mwenyewe, na karatasi yake ipo. Anayeuliza hivyo hawezi kujibiwa kwa "tunalifanyia kazi."

Kuna jambo jingine linalowachanganya wengi. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya viko chini ya halmashauri, na juu yao ni TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Hospitali za rufaa za mikoa na za taifa, ikiwemo Mirembe, ziko chini ya Wizara ya Afya, ambayo pia ndiyo inayotunga sera na miongozo. Lalamiko la dawa za zahanati likipelekwa wizarani litapewa jibu la heshima kisha litakaa. Lipelekwe kwa mganga mkuu wa wilaya na kwa diwani, kwa sababu bajeti ya zahanati inapita mezani kwa madiwani.

Kwa nini basi afya ya akili na afya ya wanawake zinahitaji kutazamwa kwa namna ya pekee? Nionavyo, sababu kubwa ni hii: anayeumia ndiye asiyesikilizwa. Mgonjwa wa malaria akikosa dawa atapiga kelele dirishani na foleni nzima itamuunga mkono. Mgonjwa wa akili akipiga kelele hizohizo, wataitwa walinzi. Hata akisema ukweli mtupu kwamba alipigwa, alifungiwa au alinyimwa chakula, ushahidi wake unapimwa kwa ugonjwa wake. Mwanamke mwenye fistula, au mwenye uchafu unaotoka ukeni akihofia saratani ya mlango wa kizazi, hawezi kusimama kwenye mkutano wa kijiji mbele ya wakwe zake akasema zahanati haina huduma ya uchunguzi. Aibu inaziba mdomo. Mfumo unaosubiri malalamiko ndipo uchukue hatua utadhani mambo ni shwari.

Huduma za uzazi zina tatizo lake la ziada, nalo ni ahadi isiyolingana na mfuko wa kujifungulia. Sera inasema mama mjamzito hutibiwa bure katika vituo vya umma. Mama naye anajua kwamba anatakiwa kwenda na glovu, pamba, wembe, uzi wa kufungia kitovu na mpira wa kutandika kitandani. Mumewe akisikia "bure" haandai fedha, na siku ya uchungu ugomvi unaanzia pale. Kuwajibika hapa kungeanza na ukweli: kama bajeti haitoshi kununua vifaa hivyo, halmashauri iseme hivyo kwa maandishi, itaje pungufu ni kiasi gani, ili mbunge apate cha kudai bungeni. Kumwachia mkunga aseme "nunua" ilhali ukutani kuna tangazo la "bure" ni kumbebesha mtu wa chini deni la wakubwa.

Pale huduma hizi mbili zinapokutana ndipo giza linapozidi. Mama aliyejifungua akapata sonona anafika kliniki na mtoto. Mtoto anapimwa uzito, anachanjwa, kadi inaandikwa. Mama mwenyewe halali usiku, hana hamu ya kula, anamtazama mtoto kana kwamba si wake. Kama hakuna anayemuuliza, ataondoka na kadi yenye tiki zote. Nyumbani ataambiwa amerogwa au anadeka, apelekwe kwa mganga wa kienyeji. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kutokomeza Aina Zote za Ubaguzi Dhidi ya Wanawake mwaka 1985 na Itifaki ya Maputo mwaka 2007, na yote miwili inazungumzia haki ya mwanamke ya afya. Kuigeuza haki hiyo kuwa swali la dakika mbili kwenye kliniki ya baada ya kujifungua, na swali hilo kuwa safu inayojazwa na kujumlishwa, ndiyo kazi ambayo serikali inapaswa kuulizwa kuihusu.

Vyombo vya kuulizia vipo. Bungeni, Kamati ya Hesabu za Serikali (PAC) inaziangalia wizara na Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa (LAAC) inaziangalia halmashauri, zikitumia ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, inayokabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi kisha kuwasilishwa bungeni. Usomapo bajeti, tofautisha fedha zilizoidhinishwa na zilizotolewa, maana fedha zilizoidhinishwa zikabaki hazina haziponyi mtu.

Karibu zaidi na mwananchi ni kamati ya usimamizi wa kituo. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati, na kamati hii yenye wajumbe kutoka kwa wanajamii inashiriki kupanga na kusimamia matumizi. Wajumbe wengi hawajui uzito walioshika. Nimeona kamati zikijadili uzio na tanki la maji kwa saa nzima, jambo jema, huku dawa za kifafa na za akili zikiwa hazikutajwa hata mara moja. Anayemuuguza mgonjwa wa akili akiwa mjumbe, mazungumzo hayo yanabadilika, kwa sababu mtunzaji husikilizwa pale mgonjwa asiposikilizwa.

Mkutano mkuu wa kijiji nao unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, mapato na matumizi yasomwe. Na kwa anayeona ugumu kusimama hadharani, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia wa Tanzania nafasi ya kuandika barua kwa ofisi ya umma, nayo inatakiwa kumjibu ndani ya siku 30. Barua haihitaji wakili. Itaje jina la zahanati, miezi inayohusika, na iombe nakala ya oda za dawa za akili pamoja na majibu ya MSD. Isainiwe, igongwe muhuri wa kupokelewa kwenye masjala ya halmashauri, na mwandishi abaki na nakala yake yenye tarehe.